Maswali ya Wasomaji: Kesi zinazofutwa na askari aliyekamata

SWALI: Nina orodha ya kesi za mahakama yenye jina la askari aliyekamata na matokeo. Askari mmoja ana kesi 12, na ni 3 tu zilizoishia kwa mshtakiwa kutiwa hatiani. Naweza kuandika kwamba askari huyo hajui kazi?

JIBU: Bado. Hatia 3 kwa kesi 12 ni asilimia 25, lakini kwa idadi ndogo hivyo, bahati peke yake inaruhusu kiwango chake halisi kuwa popote kati ya asilimia 9 na 53. Angekuwa na hatia 30 katika kesi 120, wigo ungebana hadi kati ya 18 na 33, na hapo kuna la kuzungumza.

Kisha angalia unagawanya kwa nini. Tuseme askari amekamata watu 40: mwendesha mashtaka amekataa majalada 10, kesi 6 zinaendelea, 10 zimefutwa, 14 zimeleta hatia. Ukigawa kwa kesi zilizomalizika mahakamani (24) unapata asilimia 58. Ukiingiza majalada yaliyokataliwa (34) unapata 41. Zote mbili ni halali, mradi useme umetumia ipi na uitumie kwa askari wote. Zinazoendelea ziache nje, na panga kesi kwa tarehe ya kukamatwa, si ya hukumu. Vinginevyo mwaka wa karibuni utajaa zile zinazokwisha haraka tu, hasa za waliokiri kosa.

Hesabu mtu na tukio, si shtaka. Mshtakiwa mmoja mwenye mashtaka matano, manne yakaondolewa baada ya kukiri la tano, ni hatia moja. Kesi iliyofutwa na kufunguliwa upya nayo ihesabiwe mara moja, kwa matokeo ya mwisho.

Usimlinganishe askari wa barabarani na wa ugomvi wa majumbani, ambako mlalamikaji hujitoa mara kwa mara. Chukua viwango vya kituo kizima: kama ulevi barabarani hufikia asilimia 80 na ugomvi wa majumbani 30, askari mwenye kesi 30 za kwanza na 10 za pili anatarajiwa hatia 24 na 3, jumla 27. Akipata 24, hajashuka sana. Akipata 12, fungua majalada yake.

Tofauti za kweli zipo. Uchunguzi wa kesi za jiji la Washington, Marekani, za mwaka 1974 ulionyesha kuwa takriban asilimia 15 ya askari waliokamata ndio waliozaa zaidi ya nusu ya hatia zote. Kilichozibeba kesi zao ni vielelezo vilivyokusanywa, pamoja na kuwapo kwa mashahidi zaidi ya mmoja, mambo ambayo askari anayafanya au kuyaacha palepale kwenye tukio.

SWALI: Sababu ya kufutwa imeandikwa “shahidi hakufika”. Ni kosa la askari?

JIBU: Kwanza, shahidi yupi? Kama ni raia, hapana. Kama ni askari mwenyewe, tafuta uthibitisho kwamba wito ulimfikia, kisha ulinganishe tarehe na zamu, likizo na uhamisho wake. Upekuzi usio halali, au kielelezo kilichopita mikono isiyoandikwa, vinaweza kuwa vyake. Ripoti ya maabara iliyochelewa si yake. Angalia pia kama aliyetia saini jalada ndiye aliyekamata: mara nyingi ni watu wawili.