Shaba au shabu?

Swali: Nimesoma maelezo ya kusafisha maji ya tope: "Weka shaba kidogo, koroga, acha yatuame." Kwingine wameandika "shabu". Je, ni neno moja lenye matamshi mawili?

Jibu: Ni maneno mawili. Shaba ni metali, ile nyekundu ya nyaya za umeme. Shabu ni chumvi: mawe meupe mfano wa barafu, yenye ukakasi ulimini. Yote yametoka Kiarabu, ila kwa mashina tofauti. Shabu ni shabb. Na kwa kuwa yote ni ya ngeli ya I-ZI (shaba hii, shabu hii), upatanisho haukusaidii kulinasa kosa.

Inayosafisha maji ni shabu. Ikiyeyuka, alumini iliyomo hufanya mabonge laini kama ute, yakanasa chembe za tope na kuzama nazo. Koroga kwa kasi kama dakika moja, kisha polepole dakika 15 hivi. Ukiendelea kwa kasi, mabonge hupasuka. Kuzidisha shabu hakuharakishi kazi, maana huongeza asidi, na kwenye asidi nyingi mabonge hayafanyiki kabisa.

Wengine huandika "weka alumini". Hilo nalo ni kosa: kijiko cha alumini kitalala ndani ya maji ya tope na tope litabaki vilevile. Katika gramu 100 za shabu, alumini haifiki gramu 6; karibu 46 ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Ipashe moto, kwenye nyuzi 92 hivi itayeyuka katika maji yake yenyewe. Ajabu ni kwamba metali ndiyo iliyorithi jina la chumvi: alumini imetokana na Kilatini alumen, yaani shabu, iliyotumika karne nyingi kabla metali hiyo haijapatikana mwaka 1825.

Shaba nayo ina chumvi yake, mrututu, mawe ya buluu ambayo robo ya uzito wake ni shaba. Mrututu ni sumu. Mtu akiambiwa "chumvi ya shaba" atauziwa huo, kwa hiyo kosa hili la irabu moja si la kuchekea.

Sentensi yako iwe hivi: "Weka shabu kidogo iliyosagwa, koroga, acha yatuame, kisha mimina ya juu uyachemshe," kwani shabu huondoa tope, haiui vijidudu.