Shenili ya mabaki ya vitambaa: kwa nini nyuzi zinachomoka?

Swali: Nilitaka kutengeneza shenili, yaani kitambaa chenye manyoya. Nimepanga mabaki ya vitambaa tabaka nne juu ya kitambaa kimoja kikubwa cha mfarishi, nikashona mistari sambamba na pindo, kisha nikachana katikati ya mistari. Baada ya kufua, nyuzi ndefu zinachomoka zenyewe, na vipande vingine vimebaki bapa. Nimekosea wapi?

Jibu: Mistari yako imefuata uzi wa kitambaa. Ukichana sambamba na mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), nyuzi za mtande zilizolala kati ya mchano na mshono hazijashikwa na kitu, kwa hiyo hutoka mmoja baada ya mwingine. Chora mistari mshazari, digrii 45. Hapo nyuzi za mtande na za mshindio (za upana) zote hukatiza mshono, zikachakaa nchani tu. Mistari ikiachana sm 1.2, kila upande wa mchano hubaki na mm 6. Uzi uliolala mshazari humo una mm 8 na ushei, na hayo ndiyo manyoya yenyewe. Chini ya sm 1 mkasi unabanwa. Ukifika sm 2 manyoya hulala.

Mabaki yana ugumu wake, maana kila kipande kimekatwa kivyake. Kivute huku na huku: kinaponyumbuka sana ndipo penye mshazari. Vipande vyote vilale kwa mwelekeo mmoja, kingo zigusane bila kupandana, na maungio ya tabaka moja yasikae juu ya maungio ya nyingine. Kipande cha chini ya sm 8 kiache. Kitashikwa na mistari michache mno.

Vilivyobaki bapa karibu hakika vina poliesta. Choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Pamba tupu au kitambaa cha flana ya pamba ndiyo ya kazi hii, tena isiyofuliwa kabla, ili isinyae ikiwa imeshashonwa.

Tabaka tatu za juu zatosha, tano ndio mwisho. Rangi kali iweke katikati, kwa sababu ya juu hufifia ikishachakaa. Tumia sindano namba 90 na mshono wa mm 2. Anza na mstari wa digrii 45 unaopita katikati, kisha endelea kushoto na kulia kwake. Wakati wa kuchana, ubapa wa chini wa mkasi uwe na ncha butu na upite juu kabisa ya kitambaa cha msingi. Kikitoboka, bandika kiraka kwa nyuma kabla ya kufua.

Hiyo uliyokwisha kuchana, pitisha mshono wa pili juu ya ule wa kwanza, na nyuzi zinazoning'inia zikate, usizivute. Itabaki na matamvua, si shenili, lakini itatumika.

Pindo lishonwe kabla ya kufua. Fua peke yake, kisha isugue kwa brashi ngumu ikiwa bado na unyevu. Ukitumia mashine ya kukaushia, safisha chujio kila mara: vumbi la nyuzi ni jingi.