Nilikuwa ndiye "binadamu wa kuhakiki"

Mkuu mwenye uzi, umeuliza akili mnemba (AI) iwekewe mipaka gani. Mchangiaji wa pili akasema ni kama kisu tu, lawama ni za anayekishika. Mimi hicho kisu nimekishika zaidi ya mwaka, ndiyo maana sijapita kimya. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa idara ya ajira kwenye kampuni moja, jina nalihifadhi. Maombi yalikuwa yanatuzidi nguvu, ikanunuliwa programu ya kuchuja. Inasoma wasifu wa mwombaji, inampa alama kati ya 0 na 100, inapanga majina kutoka juu kwenda chini. Kazi yangu ilikuwa kukagua na kubonyeza "Thibitisha". Kikaoni tuliambiwa bila kificho: mashine inapendekeza, binadamu anaamua. Binadamu mwenyewe ndiye mimi.

Wiki ya kwanza nilisoma kila wasifu hadi mwisho, nikabishana nayo, nikawapandisha watu. Lakini ukipingana nayo kinafunguka kisanduku: andika sababu, maneno yasiyopungua hamsini. Ukikubaliana nayo huulizwi kitu, anakuja anayefuata. Na kila Ijumaa inatoka ripoti ya nani kahakiki mangapi. Mnaona inakoelekea. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nafungua faili, natupia jicho namba, nabonyeza. Sekunde tano, sita. Kuna siku nilifanya hivyo huku naongea na simu.

Kisha akapiga simu dada mmoja aliyekosa hata nafasi ya usaili. Hakuja kwa shari. "Kaka, naomba tu unisaidie kujua nilipungukiwa wapi, nijirekebishe." Nikafungua faili lake. Alama 31, na pembeni jina langu: limehakikiwa. Ndiyo kwanza nikausoma huo wasifu. Uzoefu wa miaka tisa, vyeti vipo, ila katikati pengo la miaka miwili, na kaandika mwenyewe kwamba alikuwa anamuuguza mama yake. Ni hilo pengo? Ni chuo alichosoma? Sikujua. Nikawauliza waliotuuzia programu, wakajibu kwamba alama inatokana na mambo mengi kwa pamoja na mchanganuo wake ni siri ya biashara. Nikarudi kwa yule dada nikamwambia "ushindani ulikuwa mkubwa". Akanishukuru. Angenitukana ningelala.

Kwa hiyo, ndugu wa kisu: kisu hakikuambii ukate wapi, wala hakikuchoshi hadi uache kuangalia unachokata.

Wala si balaa la ofisi yetu peke yake. Mwaka 2018 Reuters waliripoti kwamba Amazon waliachana na mtambo wao wa majaribio wa kuchuja waombaji. Ulikuwa umefundishwa kwa wasifu wa waombaji wa miaka kumi, mwingi ukiwa wa wanaume, ukaanza kuwashusha waliotaja, kwa mfano, kuwa nahodha wa klabu ya wanawake. Hakuna aliyeuagiza uwabague, uliiga tu. Amazon walau walichungulia ndani. Uholanzi ilikuwa mbaya zaidi: mfumo wa mamlaka ya kodi ulipima hatari ya udanganyifu kwenye posho za malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa nchi hiyo kulikuongezea hatari. Maelfu ya wazazi waliitwa matapeli bure, wakadaiwa fedha hadi familia zikafilisika, na serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu Januari 2021. Ripoti ya mwaka huo ya shirika la haki za binadamu, Amnesty International, ina jambo lililonigusa binafsi: ofisa aliyepewa faili alikague hakuelezwa kwa nini mfumo umelitilia shaka. Namfahamu huyo ofisa. Yaani, namfahamu vizuri sana.

Mtaniambia sheria zipo. Zipo. Ile ya kulinda data za watu ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, kifungu cha 22, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Sasa hilo neno "peke yake" ndiyo ajira yenyewe ya watu kama mimi: weka mtu mmoja na kitufe, mashine haiko peke yake tena. Sheria yao ya akili mnemba ya 2024 imeshtukia hilo. Inaweka uchujaji wa waombaji kwenye kundi la hatari kubwa, na kifungu cha 14 kinataja kabisa tabia ya msimamizi kuiamini mashine kupita kiasi.

Mipaka yangu basi. Kupanga ratiba za usaili, kuondoa maombi yaliyojirudia, ifanye, sina neno. Lakini linapoguswa suala la riziki ya mtu, uhuru wake au matibabu yake, anayesaini aweze kumweleza sababu kwa lugha ya kawaida. Akishindwa, uamuzi ufutwe. Na muda wa kusoma uhesabiwe kuwa kazi, sio uzembe.

Nilipendekeza kitu kidogo tu: kile kisanduku cha maneno hamsini kihamishwe, kifunguke unapomkataa mtu. Meneja akacheka. "Sasa hiyo programu tumeinunua ya nini?"