Barua kwa mwanangu: Rudi tena bustanini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unasema umeizunguka Central Park Jumamosi nzima, ziwa umeliona, chemchemi ya Bethesda umeiona, na sasa unaniuliza: "Mama, enzi zako huku New York, ulikuwa unarudi kutafuta nini kila wiki?"

Nilirudi kwa sababu siku ya kwanza niliona kile tu nilichopangiwa kuona. Niliamini jiji lilikuta pori, likalizunguka na kuliacha lilivyo. Kumbe maziwa yote mle ni kazi ya mikono ya watu! Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walioshinda shindano la kuchora ramani ya bustani mwaka 1858 walizizamisha hata zile barabara nne zinazoikata bustani, ili mtembeaji asizione. Nilivuka juu yake mara kadhaa bila kujua kwamba magari yanapita chini yangu.

Usijaribu kuimaliza, mwanangu. Ni hekta 341. Kila ukienda chukua kipande kimoja. Kule Ramble kwenye vijia vya msituni utapotea, nawe kubali kupotea. Ukitaka kutoka, tazama nguzo ya taa iliyo karibu: ina tarakimu 4. Mbili za mwanzo zinakutajia namba ya mtaa ulio sambamba nawe. Ya mwisho ikigawanyika kwa mbili, uko upande wa mashariki; isipogawanyika, magharibi. Tangu nijue hilo, hakuna kijia nilichokiogopa.

Halafu nenda upande wa magharibi, kati ya mtaa wa 82 na wa 89. Huko usiende mbio. Hapo palikuwa na kijiji cha Seneca. Mwaka 1825, miaka 2 kabla jimbo la New York halijakomesha utumwa, Wamarekani weusi huru walianza kununua viwanja hapo kwa fedha zao. Kumiliki ardhi hakukuwa jambo dogo: mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupiga kura jimboni bila mali ya dola 250. Walifika zaidi ya watu 200, wakawa na makanisa 3 na shule. Kufikia mwisho wa 1857 kijiji kizima kilikuwa kimeondolewa kupisha bustani. Wenye viwanja walilipwa fidia, lakini kijiji hakikuinuka tena popote.

Nami nilikuwa nimekaa kwenye nyasi zile karibu mwaka mzima, nikisoma vitabu vyangu, kabla sijajua. Siku niliyojua, nilipanda mwamba wa Summit Rock ulio papo hapo, nikatazama chini hadi jua likazama. Kati ya safari zangu zote, hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Ukienda, ngoja majani yapukutike, maana hapo miinuko ya ardhi huonekana vizuri. Kisha niandikie namba ya nguzo utakayokaa karibu nayo. Ramani yangu ya zamani ningali nayo, nitakutafuta humo.

Mama yako