Moyo uliozoezwa hupiga mara chache

Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ubonyeze taratibu. Kinachogonga hapo ni wimbi la damu lililosukumwa sasa hivi na chumba cha chini cha kushoto cha moyo. Usipimie kidole gumba, maana nacho kina mpigo wake na kitakuchanganya. Hesabu dakika nzima, asubuhi, kabla hujainuka kitandani, kisha andika namba uliyoipata. Wengi hujivunia namba ya juu waliyofikia wakikimbia. Hii ya asubuhi ndiyo inayosema kweli.

Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kila pigo husukuma kama mililita 70 za damu. Zidisha kwa mapigo 70, unapata karibu lita 5 kwa dakika, yaani damu ya mwili mzima imeshapita moyoni. Mtu asiye na mazoezi akijikaza mpaka mwisho hufika kama lita 20. Bingwa wa mbio ndefu huvuka 35. Ajabu ni kwamba wakiwa na umri mmoja, kasi ya juu kabisa ya mioyo yao inakaribiana sana. Tofauti iko kwenye ujazo wa pigo moja: moyo wa bingwa hujaa zaidi na hujikamua vizuri zaidi. Kwa hiyo, akiwa amekaa tu, mapigo 40 hadi 50 yanamtosha.

Kasi yenyewe inaanzia kwenye kituo kidogo cha umeme kilichomo katika chumba cha juu cha kulia. Kikiachwa bila neva yoyote, yaani mshipa wa fahamu, kingepiga kama mara 100 kwa dakika, lakini neva ya vagasi imekishikia breki muda wote. Ukianza kutembea haraka, kwanza breki inaachiwa, ndiyo maana mapigo yanapanda ndani ya sekunde chache tu. Adrenalini inafuata baadaye kuongeza moto. Wakati huo misuli inayofanya kazi, ambayo ukiwa umetulia hupata kama asilimia 15 hadi 20 ya damu, inaweza kuchukua asilimia 80 au zaidi, huku tumbo na figo vikipunguziwa mgawo. Misuli ya miguu nayo inakamua vena na kurudisha damu juu. Damu ikirudi nyingi, nyuzi za moyo huvutika, na zikivutika husukuma kwa nguvu zaidi.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: moyo haujilishi na damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una ateri zake, yaani mishipa inayouletea damu, zimeuzunguka kwa nje, na upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake pale tu moyo unapolegea, kwa sababu ukijikaza unazibana ateri hizo wenyewe. Kwa mapigo 70, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.86, na zaidi ya nusu yake ni kulegea. Kwa mapigo 180, mzunguko mzima ni sekunde 0.33, na muda wa kulegea ndio unaoliwa zaidi. Kazi imeongezeka, muda wa kula umepungua. Moyo wenye afya hulimudu hilo kwa kuzipanua ateri zake. Ateri ikiwa imeziba sehemu kubwa, haiwezi, na ndipo mtu anapobanwa kifua akipanda ngazi wakati akikaa hasikii kitu.

Basi ujazo wa pigo unaongezwaje? Kwa kazi ya wastani iliyo ndefu na ya mara kwa mara. Faida ya kwanza huonekana mapema, ndani ya wiki moja au mbili: plazma, yale maji ya damu, huongezeka, na moyo unajaa vizuri zaidi. Kupanuka kwa chumba cha kushoto chenyewe huchukua miezi. Ukiacha mazoezi, plazma hiyohiyo ndiyo inayotangulia kuondoka, nayo haichukui hata wiki mbili. Mtu aliyerudi baada ya mapumziko akahema kupita kawaida asidhani amezeeka ghafla.

Kujua mazoezi ya wastani ni yapi kwako, toa umri wako kwenye 220 upate kikomo cha makadirio. Toa mapigo yako ya asubuhi, unabaki na akiba. Chukua asilimia 40 hadi 60 ya akiba, urudishie mapigo ya asubuhi. Mwenye miaka 40 na mapigo 70: kikomo 180, akiba 110, hivyo kiwango chake ni 114 hadi 136. Hesabu hii ni ya kukadiria. Kikomo halisi cha mtu kinaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au 12, juu au chini. Kipimo cha mdomo hakidanganyi sana: uweze kuongea sentensi nzima, lakini kuimba ushindwe. Wanaotumia dawa kama atenolol, bisoprolol au propranolol watumie hicho cha mdomo tu, kwa sababu dawa hizo zinazuia mapigo yasipande na hesabu yote inaharibika.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anza na dakika 30, siku tano, kutembea kwa haraka au baiskeli. Baada ya wiki sita hadi nane, siku moja kati ya hizo iwe ngumu: dakika 4 za kuhema kweli, dakika 3 za mwendo wa taratibu, rudia mara nne. Kosa la kawaida ni kuzifanya siku zote ngumu nusunusu, unachoka bila kufaidi upande wowote.

Usianze kwa kishindo wala usisimame ghafla. Dakika 5 hadi 10 za mwanzo zinazipa ateri muda wa kupanuka. Mwishoni, mishipa ya miguu bado iko wazi. Ukisimama wima tuli, misuli haikamui tena, damu inatuama chini, moyo unakosa cha kusukuma, na kizunguzungu kinakuangusha. Tembea mpaka mapigo yashuke chini ya 100 au karibu na hapo. Wanaonyanyua vyuma watoe pumzi wakati wa kunyanyua. Kubana pumzi chini ya mzigo mzito kumeshapimwa kukipandisha presha ya juu kupita 300 kwa muda mfupi.

Joto nalo linacheza na namba. Mwendo uleule, dakika 40 baadaye, mapigo yanaweza kuwa juu kwa 10 au zaidi, kwa kuwa jasho limepunguza plazma na ngozi inadai damu ya kujipoza. Punguza mwendo, kunywa maji, usishindane na saa.

Kifua kubanwa, maumivu yanayopanda taya au mkono, kuzimia au kukata pumzi kusikolingana na kazi unayofanya: acha hapohapo utafute daktari, usisubiri wiki iishe. Ukiwa na homa usifanye mazoezi kabisa, kwa sababu virusi vinaweza kuwa vimeushambulia msuli wa moyo wenyewe.

Kila baada ya mwezi jipime hivi: fanya zoezi gumu ulilolizoea, ulegeze mwendo, uhesabu mapigo mara moja kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, kisha rudia baada ya dakika moja. Tofauti ikizidi kukua mwezi hadi mwezi, vagasi inarudisha breki yake upesi zaidi. Isipofika hata 12, mwonyeshe daktari namba hizo. Na asubuhi ukikuta mapigo yako yamezidi kawaida yako kwa 10, viatu vibaki mlangoni siku hiyo.