Swali la Msomaji: Redio ya Jimbo na Okestra Yake

SWALI: Husikiliza muziki wa klasiki kupitia intaneti, hasa redio za majimbo ya Ujerumani. Kwa nini redio ya jimbo iwe na okestra yake yenyewe? Na kiangazi, tamasha zikiwa nyingi, nianzie wapi?

JIBU: Swali lako limenifurahisha, maana okestra hizi nazipenda sana. Baadhi ni kongwe: ya Leipzig ilianza 1924, ya Frankfurt 1929. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utangazaji wa Ujerumani Magharibi uliwekwa chini ya majimbo, usiwe tena chombo cha serikali kuu. Ndiyo maana redio ya Bavaria, mojawapo ya majimbo hayo, ikaunda okestra yake mjini Munich mwaka 1949, na leo ni miongoni mwa bora duniani. Ada ya utangazaji inayolipwa na kaya ndiyo inayozitunza, kwa hiyo napinga kila pendekezo la kuzipunguza.

Kuhusu kiangazi, usianze na tamasha la Bayreuth, Ujerumani. Tangu 1876 pale ni opera za mtunzi Wagner, na jioni moja huchukua saa nyingi, mapumziko yenyewe yakikaribia saa moja. Anza na Schleswig-Holstein, tamasha la tangu 1986, ambako wanamuziki huingia hadi kwenye maghala ya mashamba. Au Proms, tamasha la kiangazi la London: BBC Radio 3 hurusha kila onyesho moja kwa moja. Chagua kipande kifupi kwanza, kisikilize kwa spika nzuri, simu ikiwa mbali.