Maji nachemsha, mbona mwanangu anaharisha?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Binti yangu ana miezi 10. Juzi alianza kutapika, usiku akaharisha maji matupu. Maji ya kunywa nachemsha, vyombo vyake naosha mwenyewe. Wifi anasema ni uchafu wangu. Jirani anasema ni meno ya plastiki, nimpeleke yakang’olewe. Nifanyeje?
Mama Hawa, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpeleke! Hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni meno machanga ambayo hayajatoka kwenye fizi. Wanayachimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Mtoto anaambulia kidonda, na kuharisha kuko palepale.

Mtoto wa umri huo akitapika kisha akaharisha maji yasiyo na damu, mara nyingi ni virusi, hasa rota. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani aliambukizwa rota kabla hajatimiza miaka 5, awe wa Muheza au wa Marekani. Huko Marekani, hadi chanjo ilipoanza mwaka 2006, watoto zaidi ya 50,000 walikuwa wakilazwa kila mwaka kwa rota peke yake, na mabomba yao yote yale. Mwambie wifi yako hivyo. Virusi hivi hudumu siku kadhaa kwenye vitu, na vichache tu vinatosha kuambukiza.

Tofauti iko kwenye vifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2013 rota iliua watoto 215,000 hivi, wengi wao wa Afrika na Asia ya Kusini. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini.

Kwa hiyo koroga pakiti ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi, umpe kwa kijiko, kidogokidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee taratibu. Ziwa usimkatize. Flagyl ya dukani haiui virusi, iache. Leo hiihii mpeleke zahanati, apimwe na apewe zinki. Ummalizie dozi hata akipata nafuu. Akilegea, macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, au ukimfinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi, usingoje kupambazuke.

Beba na kadi ya kliniki. Tanzania inatoa chanjo ya rota tangu 2013, matone ya mdomoni wiki ya 6 na ya 10. Aliyechanjwa anaweza kuugua bado, ila mara nyingi si kwa makali yale. Kama kwenye kadi hakuna alama, muulize muuguzi hapohapo.